Shaka la Hume au shaka la Darwin: lipi la kuanza nalo unapoipima hoja ya usanifu

Wanaoanza kuitilia shaka hoja ya usanifu, yaani hoja isemayo kwamba mpangilio tunaouona ulimwenguni ni ushahidi wa kuwepo kwa Mungu aliyeupanga, kwa kawaida hufika hapo kwa njia mojawapo kati ya mbili. Wengine hupitia falsafa, na jina wanalokutana nalo ni la David Hume, Mskoti aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1711 na kufariki huko huko mwaka 1776. Wengine hupitia somo la biolojia, na jina wanalokutana nalo ni la Charles Darwin, Mwingereza aliyeieleza nadharia ya mageuko ya viumbe. Katika mijadala majina haya hutajwa kwa pamoja kana kwamba wenyewe walisema jambo moja, na mara nyingi msemaji huanza na hoja ya mmoja akamalizia na ya mwenzake bila kutambua kwamba amebadilisha mada. Mashaka haya mawili hayafanani. Kila moja linaishambulia hoja mahali pake, linahitaji ushahidi wa aina yake, na linamwacha msomaji katika hali tofauti na lile lingine. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu anayetaka kuipima hoja hiyo kwa uaminifu, awe mwanafunzi wa falsafa, mwalimu wa dini, au muumini ambaye swali limemkaa moyoni na hajui aanzie wapi.

Niseme mapema ninakoelekea. Anayeishika hoja kwa sababu ya maajabu ya viumbe hai anapaswa kumsoma Darwin kwanza, kwa kuwa Hume peke yake hatamtosha. Anayeishika kwa sababu ya sheria za fizikia na ulinganifu wa nguvu za ulimwengu amsome Hume, kwa kuwa Darwin hana la kumwambia. Na yule ambaye bado hajajua ni lipi kati ya hayo mawili linalomvuta, ushauri wangu ni aanze na Hume, ingawa Darwin ndiye aliyewabadilisha watu wengi zaidi.

Hoja inayopimwa

Hoja yenyewe ni kongwe kuliko wote wawili. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas aliifanya kuwa njia ya tano kati ya njia zake tano za kumthibitisha Mungu: vitu visivyo na akili huelekea lengo kama mshale, na mshale haujielekezi bali huelekezwa na mpiga upinde. Kabla yake Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alizikosoa dalili za wanatheolojia wa zama zake, akabakiza mbili alizoona zinapatana na Kurani. Mojawapo ni dalili ya inaya: kwamba jua na mwezi, usiku na mchana, mvua, mimea na wanyama vimewekwa kwa namna inayomfaa binadamu, na kufaa huko hakuwezi kuwa sadfa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuisikia hoja hii. Surat Al-Ghashiya inawataka watu wamtazame ngamia jinsi alivyoumbwa, na Waraka kwa Warumi, sura ya kwanza, aya ya 20, unasema kwamba mambo ya Mungu yasiyoonekana hufahamika kwa kuvitazama vitu alivyovifanya. Mahubiri na mihadhara mingi hujengwa juu ya aya hizi. Hata hivyo, aya inayomkumbusha muumini jambo analoliamini tayari si sawa na hoja inayodai kumthibitishia asiyeamini, na mashaka ninayoyalinganisha hapa yanaihusu hiyo ya pili tu.

Sura ya hoja iliyosambaa kuliko zote ni ile ya William Paley, kasisi wa Kanisa la Uingereza, aliyoichapisha mwaka 1802. Paley anasema kwamba mtu akikuta jiwe nyikani anaweza kudhani limekuwepo hapo siku zote, lakini akikuta saa, akaifungua na kuona springi, magurudumu yenye meno, na mshale unaozunguka kwa kipimo, hawezi kuridhika na jibu hilo. Lazima atasema kulikuwa na fundi. Kisha Paley analigeukia jicho na kulilinganisha na darubini: lenzi inayokusanya mwanga, mboni inayobana na kupanuka, misuli inayoligeuza, kope zinazolisafisha, na vyote vikitumikia kazi moja ya kuona. Nguvu ya Paley imo katika maelezo hayo ya karibu, na anayemsoma leo bado ataona kwa nini kijana Darwin, alipokuwa mwanafunzi pale Christ's College, Cambridge, chuo alichosoma pia Paley, alivutiwa naye na kuiona hoja yake kuwa haipingiki.

Shaka la Hume

Hume alikishikilia kwa miaka mingi kitabu chake juu ya dini inayojengwa kwa akili bila ufunuo, kwa ushauri wa marafiki walioihofia dhoruba ambayo kingeleta, na kilichapishwa mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake, kwa juhudi za mpwa wake. Kimeandikwa kama mazungumzo ya watu watatu: Cleanthes anaitetea hoja ya usanifu, Demea ni mcha Mungu asiyependa Mungu apimwe kwa akili ya binadamu, na Philo ndiye mwenye shaka. Kwa kuwa kitabu kilitangulia cha Paley kwa miaka 23, Hume hakuwa akimjibu Paley. Alikuwa akiijibu hoja kama ilivyosimuliwa na wanasayansi na makasisi wa kizazi kilichomfuata Newton.

Shaka lake la kwanza linahusu mfanano. Tukiona nyumba tunasema ilikuwa na mjenzi kwa sababu tumewahi kuona nyumba zikijengwa, nyingi, na wajenzi wake tunawajua. Ulimwengu tumeuona mmoja tu, na hakuna aliyekuwepo ulipokuwa ukifanywa. Kusema kwamba ulimwengu lazima utokane na akili kwa sababu saa hutokana na akili ni kukitoa kitu kimoja kidogo kilichomo ndani ya ulimwengu na kukifanya kipimo cha ulimwengu wote. Philo anaongeza kwamba, tukitaka kufuata mfanano, mengi tunayoyaona yakijipanga hayatokani na mafundi bali na mbegu na mayai. Mti humwaga mbegu, na mbegu ikatoa mti wenye mpangilio ule ule, bila mtu yeyote kukaa na kuuchora. Kwa nini basi ulimwengu usifananishwe na mmea au mnyama badala ya mashine?

Shaka lake la pili ndilo ninaloliona zito zaidi, na ndilo linalosahaulika zaidi katika mijadala yetu. Tuseme mfanano unakubalika. Tuseme kweli mpangilio huu ulifanywa na akili. Je, ni akili ya nani, na ya namna gani? Philo anatoa mfano wa merikebu: mtu akiiona kwa mara ya kwanza atamsifu sana seremala wake, kisha atashangaa kugundua kwamba seremala huyo hana kipaji chochote, ananakili tu ufundi uliokusanywa na wengine kwa vizazi, baada ya majaribio mengi, makosa mengi na masahihisho mengi. Na merikebu kwa kawaida haijengwi na mtu mmoja. Kwa hiyo kutokana na ulimwengu tunaouona hatuwezi kukata kwamba mjenzi wake alikuwa mmoja na si wengi, kwamba hakuwa akijifunza kazi, kwamba yu hai hadi leo, wala kwamba hana mwanzo. Athari inayoonekana ina mipaka, nasi hatuna ruhusa ya kuipa sababu yake sifa zisizo na mipaka.

Kwa msomaji wa Kiislamu au wa Kikristo hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Hoja ya usanifu husimuliwa kana kwamba ikifaulu itamfikisha msikilizaji kwenye tauhidi, au kwa Baba Mwenyezi wa Imani ya Mitume. Hume anaonyesha kwamba hata ikifaulu haimfikishi huko. Umoja wa Mungu, uwezo wake wote na wema wake havitokani na saa ya Paley. Vinaletwa kutoka mahali pengine na kuwekwa juu yake. Kant, mwanafalsafa Mjerumani aliyeiheshimu hoja hii kuliko hoja nyingine za kinadharia, aliandika mwaka 1781 kwamba kwa kiwango chake cha juu kabisa ingeweza kumthibitisha fundi aliyeipanga malighafi aliyoikuta, lakini si Muumba aliyeileta malighafi hiyo kutoka katika kutokuwepo. Kwa mtu anayejali hasa ni Mungu yupi anayethibitishwa, hakuna swali kubwa kuliko hili.

La tatu ni maumivu. Philo anaorodhesha mambo manne ambayo, kwa jinsi anavyoona, yangeweza kuepukwa na msanifu mwenye uwezo na wema: viumbe kusukumwa kwa maumivu ilhali wangeweza kusukumwa kwa kupunguziwa raha tu, ulimwengu kuendeshwa kwa sheria za jumla zisizomjali mtu mmoja mmoja, kila kiumbe kupewa nguvu chache zinazomtosha kwa shida, na mashine yenyewe kutotengenezwa kwa usahihi, hata mvua inayopaswa kuotesha ikaja kidogo mno au ikaja kwa gharika. Philo hasemi kwamba maumivu yanathibitisha kutokuwepo kwa Mungu mwema. Anasema kwamba anayemwamini tayari anaweza kupatanisha mambo hayo na imani yake, lakini asiyemwamini, akiutazama ulimwengu tu, hawezi kuufikia wema huo. Ni tofauti ndogo lakini ya haki, na ninamheshimu Hume kwa kuilinda.

Udhaifu wa shaka la Hume ni wazi, na Paley aliuona. Katika sura yake ya kwanza kabisa anasema kwamba hata kama hatujawahi kuona saa ikitengenezwa, wala hatujui fundi anayeweza kuitengeneza, bado tungesema ilisanifiwa. Hata ikienda kombo mara kwa mara, bado tungesema hivyo. Na katika sura inayofuata anauliza: ikigunduliwa kwamba saa hiyo inazaa saa nyingine, je, si ndiyo kwanza tutazidi kuustaajabia ufundi wake? Majibu haya si mepesi. Wanafalsafa wa karibuni, Elliott Sober akiwa miongoni mwao, wameonyesha kwamba hoja ya Paley haihitaji kusimama juu ya mfanano. Inaweza kusimama kama hoja ya maelezo bora: jicho lipo, sadfa tupu ni maelezo mabaya mno, akili ni maelezo mazuri, kwa hiyo tuchague akili. Mtu akiisimamisha hivyo, kumwambia kwamba jicho halifanani sana na darubini hakumsogezi. Anachokidai ni maelezo ya tatu, na hapo Hume anaishiwa. Anakisia tu, kwa kuazima kwa Epikuro, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwamba mata yenye sehemu zenye kikomo, ikitikisika kwa muda usio na kikomo, huenda siku moja ikaangukia mpangilio unaodumu. Kama jibu la jicho, kisio hilo halitoshi, na watu wenye akili timamu walioishi kati ya mwaka 1779 na 1859 walikuwa na haki ya kutoridhika nalo.

Shaka la Darwin

Darwin alileta maelezo hayo ya tatu. Kitabu chake kilichotoka tarehe 24 Novemba 1859 hakikuandikwa ili kumpinga Mungu, wala hakina hoja ndefu juu ya Mungu. Kinasema kwamba viumbe huzaa wengi kuliko wanaoweza kuishi. Kwamba watoto hutofautiana kidogo na wazazi wao na baina yao. Kwamba tofauti hizo hurithiwa. Na kwamba zile zinazomsaidia kiumbe kuishi na kuzaa hujilimbikiza kizazi baada ya kizazi. Huu ndio uteuzi asilia. Unaleta kufaa kwa kazi bila aliyekusudia kazi, na hilo ndilo jambo ambalo Paley alidhani haliwezekani. Jicho, ambalo Darwin alikiri kwamba kwa mtazamo wa kwanza linaonekana haliwezi kutokea hivyo, linakuwa jambo la hatua: doa linalohisi mwanga, doa lililoingia ndani kidogo, shimo lenye mlango mwembamba, utando unaolifunika, lenzi. Hatua hizo bado zipo zimetawanyika kwa viumbe walio hai leo. Mwaka 1994 wanasayansi Nilsson na Pelger walipiga hesabu kwa makadirio yaliyofanywa makusudi kuwa ya tahadhari kubwa, wakapata kwamba chini ya vizazi 400,000 vingetosha kulitoa doa bapa hadi jicho lenye lenzi kama la samaki.

Kinachonishawishi zaidi ya hatua hizo, hata hivyo, ni makosa. Katika jicho letu nyuzi za neva hupita mbele ya tabaka linalohisi mwanga, kwa hiyo hulazimika kutoboa tabaka hilo ili zifike kwenye ubongo, na pale zinapotobolea pana doa lisiloona kabisa. Pweza, ambaye wavuvi wa pwani yetu humtoa kwenye miamba maji yanapokupwa, ana jicho la aina hiyo hiyo lenye lenzi, lakini nyuzi zake ziko nyuma ya tabaka na hana doa hilo. Watetezi wa usanifu hujibu kwamba mpangilio wetu una faida zake, na huenda zipo. Lakini kwa nini fundi mmoja aliyejua njia zote mbili awape ndege, samaki, ng'ombe na binadamu wote ile yenye doa? Kwa nadharia ya mageuko jibu ni la nasaba: hao wote wana uti wa mgongo na walirithi jicho la babu mmoja, na pweza ni wa ukoo mwingine uliofika kwenye jicho kwa njia yake.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi, nami nitakaa nao. Selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, hutokana na badiliko moja katika himoglobini. Mnyororo wake wa beta una asidi amino 146, na ya sita tu ndiyo imebadilishwa. Mtoto aliyerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama, oksijeni inapopungua, chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mara nyingi wazazi huanza kuugundua ugonjwa pale mtoto ambaye hajafikisha hata miaka miwili anapoamka vidole na nyayo vimevimba, analia na hataki kuguswa. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu. Mwaka 1954 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki akionyesha kwa nini badiliko la hatari namna hiyo halijafutika: mtoto aliyelirithi kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na analindwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Wazazi wawili wanaolibeba, katika kila uzazi, wana uwezekano wa mmoja kwa nne kumpata mtoto mgonjwa na wa wawili kwa nne kumpata mtoto mwenye kinga hiyo.

Msomaji ayapime maelezo mawili mbele ya ukweli huu. Kwa uteuzi asilia hakuna cha kushangaza: badiliko linalowasaidia wengi kuishi hadi kuzaa litabaki, hata kama linawaua baadhi ya ndugu zao, kwa sababu uteuzi hautazami mtoto mmoja mmoja. Kwa usanifu inabidi tuseme kwamba msanifu aliyetaka kuwakinga watoto na malaria alichagua kinga inayolipiwa na watoto wengine wa nyumba hiyo hiyo. Muumini anaweza kusema kwamba Mungu ana hekima tusiyoijua, nami sidharau jibu hilo. Ila anayelitoa ameshaiacha hoja ya usanifu, kwa kuwa hoja hiyo ilidai hekima inaonekana wazi katika viumbe.

Sasa mipaka yake. Uteuzi asilia hauwezi kuanza mpaka pawepo kitu kinachojizalisha na kurithisha, kwa hiyo hauelezi uhai wa kwanza ulivyotokea, wala hauelezi sheria za fizikia na kemia ambazo ndani yake uhai huo uliwezekana. Darwin alilijua hilo. Rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard na Mpresbiteri thabiti, alimtetea Marekani huku akishikilia kwamba Mungu anaweza kufanya kazi kupitia uteuzi huo huo. Darwin alimwandikia tarehe 22 Mei 1860 kwamba hakuweza kujishawishi kuwa Mungu mwema na mwenye uwezo wote aliwaumba kwa makusudi nyigu wanaotaga mayai ndani ya viwavi hai ili mabuu wao wawale kutoka ndani. Lakini katika barua hiyo hiyo alisema hawezi pia kuridhika kwamba ulimwengu huu wa ajabu, hasa binadamu, ni matokeo ya nguvu tupu, na kwamba anaelekea kuona sheria zilizosanifiwa, huku matukio madogo madogo, mema au mabaya, yakiachiwa kile tunachoweza kukiita bahati. Anayemtumia Darwin kama silaha ya kukanusha Mungu anapaswa kuisoma barua hiyo yote.

Sura mbili za karibuni

Tofauti kati ya mashaka haya huonekana vizuri zaidi yanapoletwa mbele ya hoja ambazo waandishi wake hawakuzijua. Ya kwanza ni ya Michael Behe, mwanabiokemia wa Marekani, aliyedai mwaka 1996 kwamba baadhi ya mifumo ya chembe hai, kwa mfano mkia unaowasukuma bakteria, haiwezi kujengwa kwa hatua kwa sababu ukiondoa sehemu moja yote hukwama. Hili ni suala la Darwin moja kwa moja, na limejibiwa kwa njia yake: sehemu ya mkia huo, ikiwa na protini chache zaidi, iko katika bakteria wengine ikifanya kazi nyingine ya kuingiza sumu kwenye chembe za mwathirika, kwa hiyo kupungukiwa sehemu si lazima kuwe kutokuwa na faida. Bodi ya shule ya Dover, Pennsylvania, ilipojaribu kuliingiza wazo la usanifu katika somo la biolojia, Jaji John E. Jones wa Tatu aliamua tarehe 20 Desemba 2005 kwamba wazo hilo si sayansi. Mmoja wa mashahidi wakuu upande wa wazazi walioshtaki alikuwa Kenneth Miller, mwanabiolojia na Mkatoliki. Sioni sababu ya kukaa hapa zaidi.

Ya pili ni nzito kweli. Inasema kwamba nguvu za msingi za ulimwengu zina vipimo ambavyo vingetofautiana kidogo tu, pasingekuwa na nyota, wala kaboni, wala uhai. Fred Hoyle mwaka 1953 alitabiri kwamba kiini cha kaboni lazima kiwe na kiwango fulani cha nishati, la sivyo nyota zisingeweza kuitengeneza kaboni ya kutosha, na vipimo vya maabara huko California vikathibitisha. Hapa Darwin hana la kusema. Vipimo hivi havizaani wala havirithishani, na anayejaribu kuvijibu kwa uteuzi asilia hajaielewa hoja.

Hume analo. Tunaposema kwamba vipimo vya namna hii havielekei kutokea vyenyewe, tunapima kuelekea huko kwa kipimo gani? Kwa kete tunajua zina nyuso sita, na tumezirusha mara nyingi. Ulimwengu tunao mmoja, hatuna orodha ya vipimo vilivyowezekana, wala hatujui kama vingeweza kuwa vingine. Swali la Philo kwa Cleanthes, kama amewahi kuona malimwengu yakitengenezwa, linarudi likiwa na makali yale yale. Na lile kisio la Epikuro, lililokuwa dhaifu mbele ya jicho, linafaa zaidi hapa, kwani wanafizikia wanaosema kwamba huenda kuna malimwengu mengi yenye vipimo tofauti, na sisi tumo katika mojawapo ya machache yanayoruhusu uhai, wanasema jambo la ukoo huo huo. Nakiri kwamba malimwengu hayo hakuna aliyeyaona, na anayeyakubali kwa urahisi huku akidai ushahidi mkali juu ya Mungu hatendi haki. Lakini hata tukiyaweka kando, swali la pili la Hume bado lipo: aliyeviweka vipimo hivyo, kama yupo, ni nani, na kwa nini tumwite mwema?

Uchaguzi

Mtu aliyejengewa imani yake juu ya maajabu ya mwili, ya nyuki, ya jicho, akianza na Hume ataona anachezewa kwa maneno, kwa sababu jicho bado litakuwa mbele yake bila maelezo. Huyo aanze na Darwin, tena kwa mifano inayogusika kama selimundu badala ya mabishano juu ya nyani. Gharama yake ni kujifunza biolojia kwa subira. Faida yake ni kwamba ushahidi umeongezeka tangu 1859 na unaweza kukaguliwa maabara. Kinachobaki baada ya hapo si lazima kiwe ukanushaji: Gray na Miller walibaki na Mungu wa sheria.

Mwalimu wa dini, mwanafunzi wa falsafa, na yeyote anayepanda jukwaani kuitumia hoja hii mbele ya watu wa imani nyingine au wasio na imani, naye aanze na Hume. Huhitaji maabara kumsoma, na hakuna ugunduzi wa kesho utakaombatilisha, kwa kuwa shaka lake halitegemei jinsi jicho lilivyotokea. Hata nadharia ya mageuko ingeanguka yote, bado hatungekuwa na daraja la kutoka kwa fundi hadi kwa Mungu mmoja, mwenye uwezo wote na mwema. Ndiyo maana namweka mbele kwa asiyejua aanzie wapi. Darwin huondoa mfano bora wa hoja na kumwacha Mungu wa jumla. Hume huiacha mifano mahali pake na kuuliza kama Mungu tunayemwabudu alikuwemo ndani yake tangu mwanzo. John Henry Newman, aliyekuja kuwa kadinali, alilielewa hilo alipoandika mwaka 1870 kwamba anaamini usanifu kwa sababu anamwamini Mungu, wala hamwamini Mungu kwa sababu anauona usanifu.

Atakayemchagua Hume asome, katika kile kitabu cha mazungumzo, sehemu ya pili, ya tano, ya nane, ya kumi na ya kumi na moja, lakini asiishie hapo. Katika sehemu ya kumi na mbili, ya mwisho, Philo anageuka na kukubali kwamba sababu au sababu za mpangilio wa ulimwengu huenda zina mfanano fulani wa mbali na akili ya binadamu. Wasomi bado wanabishana kama Hume alimaanisha au alijikinga na wenye mamlaka. Mimi naona alimaanisha, kwa kuwa anaongeza papo hapo kwamba kauli hiyo haiwezi kupanuliwa, haituelezi wema wala ubaya wa sababu hiyo, na haitupi wajibu wa kutenda lolote wala wa kuacha lolote. Msomaji aipime kauli hiyo pamoja na nyongeza yake, kisha ajiulize kama ndiyo aliyokuwa akiitafuta alipoishika hoja ya usanifu.